TAHADHARI: Kaka wa tokeni za mazao ni tapeli, msiunganishe pochi zenu!

Jamani, kabla hamjabonyeza kiungo chochote cha yule kaka, someni hapa. Ni yule anayewashawishi wakulima wauze mazao kwa tokeni, yaani vocha za kidijitali. Kaondoka na hela za mavuno na hapatikani.

Nimechoka kuulizwa "ulimpaje mtu hela zako?" Sikumpa. Hata yale maneno 12 ya siri yanayofungua pochi yangu ya sarafu za kidijitali sikumpa, na ni yeye mwenyewe aliyenisisitizia nisimtajie mtu yeyote, hata yeye. Mtu anayekulinda hivyo utamshuku kwa lipi?

Alisema mazao yakiingia ghalani, kila gunia linapewa tokeni kwenye Ethereum, ambayo ni blokicheni, yaani daftari la kidijitali lililo wazi kwa wote; tokeni hiyo ndiyo stakabadhi yako. Mnunuzi akilipa, mkataba wa kidijitali, yaani programu inayojiendesha, unakutumia USDT (sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola) papo hapo, dalali hayupo. Na mambo hayo yapo kweli! Mwaka 2016 kampuni ya AgriDigital ya Australia iliuza ngano kwa blokicheni, na mwaka 2018 kampuni ya biashara ya mazao ya Louis Dreyfus ilitangaza shehena ya soya kutoka Marekani kwenda China iliyouzwa kwa njia hiyo. Nilitafuta mwenyewe nikayakuta. Halafu malipo ya kwanza, madogo, yaliingia. Nani asingeamini?

Sasa siku yenyewe. Yuko kwenye simu, sauti ya upole: "Dada, bonyeza Unganisha Pochi." Nikabonyeza. "Kitatokea kidirisha, ni cha kuthibitisha tu kwamba ni wewe, hakikati hela." Kikatokea, Kiingereza kitupu, na namba ndefu isiyo na mwisho. Nikamuuliza, hii namba ya nini? Hakusita hata kidogo: "Hiyo ni namba ya ghala lako, dada." Nikathibitisha. Salio halikuguswa, akanipongeza, tukaagana vizuri. Kulipokucha pochi nyeupe! Na hapo nilishawaahidi watu wa nyumbani kwangu. Aibu niliyoipata siwezi kuieleza.

Ile namba ilikuwa kiasi nilichomruhusu achukue: kibali kisicho na kikomo cha kuhamisha USDT zangu, zilizopo na zitakazoingia, bila kuniuliza tena. Programu halali nazo huomba kibali, ndiyo maana hakishtui.

Huyu mtu afungwe! Anakula jasho la wakulima huku anawaita dada na mama. Muamala kwenye blokicheni haurudishwi, lakini haufichiki pia. Anwani iliyopokea hela iko wazi kwa dunia nzima. Polisi waifuate mpaka kwenye soko la sarafu atakakobadilishia, waliambie soko hilo liwape kitambulisho chake, anyang'anywe kila alichonunua kwa hela zetu.

Mtamjua kwa haraka zake, na kila ukiomba kuliona ghala ana udhuru. Blokicheni inatunza kilichoandikwa, haiendi ghalani kuhesabu magunia, na aliyeandika magunia yale ni yeye. Tokeni zake bado ninazo, hakuna wa kuzinunua.

Mliokwisha kuunganisha, kufuta programu kwenye simu hakusaidii, kibali kinabaki palepale. Hamisheni salio kwenye pochi mpya leo hii, kisha fungueni Etherscan, tovuti inayoonyesha miamala ya Ethereum, sehemu ya vibali vya tokeni, mkifute; kuna ada ya muamala, ilipeni tu. Wenye picha za mazungumzo naye na anwani alizotumia, nitumieni, tukafungue kesi pamoja.