Kumbukumbu au mwili: nani abebe hatia?

Mwaka 1694 mwanafalsafa Mwingereza John Locke alishikilia kwamba mtu ni yule yule kadiri fahamu yake inavyoyafikia matendo yake ya zamani, na hapo ndipo anapostahili adhabu. Bernard Williams, mwanafalsafa wa karne ya ishirini, alimpinga kwa mfano wa Guy Fawkes, aliyehukumiwa kifo London mwaka 1606 kwa njama ya kulipua Bunge la Uingereza: ndugu wawili wa leo wakiyakumbuka yote aliyoyatenda, hadi mapipa ya baruti gizani chini ya Bunge, hawawezi wote wawili kuwa yeye, hivyo lazima tuuangalie mwili. Namfuata Williams kuhusu utambulisho, lakini si kuhusu lawama. Tuseme mtu ananakiliwa, kumbukumbu zake zote zikatiwa katika mwili mpya: nakala hiyo inayoamka ikikumbuka ilivyomsaliti rafiki, na bado ikaridhia usaliti huo, inastahili kulaumiwa, ingawa mikono yake haijatenda lolote.