Uzoefu wangu: sanduku la IP65 kwa drili na grenda za betri

Kwa kazi za saiti ukanda wa Pwani, sanduku la plastiki lenye mpira wa kuzibia na alama ya IP65 (kipimo cha kuzuia vumbi na maji) ninalipatia nyota nne kati ya tano. Mvua ya masika haipenyi. Nyota ya tano nimeinyima kwa sababu mpira unaozuia maji kuingia unazuia pia unyevu kutoka, na dukani hakuna anayekuambia hilo.

Alama yenyewe isomwe vizuri. 6 ni vumbi: haliingii kabisa. 5 ni maji yanayorushwa kwa bomba kutoka upande wowote. Kuzama hakumo. Likikaa kwenye dimbwi, au nyuma ya pikapu iliyotuama maji, usilitegemee. Liinue juu ya tofali. Wa kwenye boti atafute IP67, inayopimwa kwa kuzamishwa mita 1 kwa dakika 30.

Likiwa jipya lijaribu. Panga tishu ndani kufuata mpira, funga, limwagie maji ya bomba dakika tano, fungua. Penye tishu iliyolowa ndipo panapovuja. Mara nyingi mpira ni mzima, ila kuna mchanga au simenti iliyoganda kwenye mfereji wake. Futa, kisha paka grisi ya silikoni, kidogo sana. Grisi ya gari hapana: mafuta ya petroli huvimbisha baadhi ya mipira, na uliovimba haukai tena sawasawa.

Sasa unyevu, maana ndio unaoua zana nyingi. Drili iliyonyeshewa ukiifungia humo, joto la mchana hugeuza maji kuwa mvuke, na usiku mvuke huo hurudi matone juu ya taya za drili na vibati vya shaba vya betri. Kutu huanzia hapo. Kwa hiyo toa betri, futa, laza drili matundu ya hewa yakitazama chini, iache kivulini penye upepo hadi kesho yake, ndipo ufunge. Humo ndani naweka silika jeli (punje zinazonyonya unyevu), kama gramu 200 kwa sanduku la lita 40. Ile ya rangi ya machungwa ikigeuka kijani imeshiba; ikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 110 hadi 120, saa mbili. Mchele haufai (najua wengi wanauamini): haunyonyi vya kutosha, na unga wake huingia kwenye matundu.

Betri ndiyo yenye hela. Ya volti 18 ina makundi matano ya seli yaliyofuatana, na kila kundi lina waya unaokwenda kwenye saketi ndogo. Tone likitua hapo, umeme huvuja polepole kutoka kundi moja. Makundi hayalingani tena, na chaja hukataa. Maji ya bahari hufanya hayo upesi zaidi, kwa sababu ya chumvi. Betri iliyoingia maji usiichaji wala usiifungue. Iweke nje, mbali na chochote kinachowaka. Ikiwa yalikuwa maji ya chumvi, ihesabu imekufa.

Chaja nyingi hazina kinga yoyote ya maji, kwa hiyo ibaki chini ya paa.

Kabla hujalipa, uliza kama mpira na vifungio vya akiba vinauzwa peke yake. Kifungio kimoja kikivunjika, kona hiyo haibanwi tena na IP65 imekwisha.