Deutschlandticket kwa Aliye Praktikum: Uzoefu Wangu, Siku za Kazi na Wikendi

Ukipata nafasi ya Praktikum, yaani mafunzo ya vitendo kazini, katika mji wa Ujerumani usio wa chuo chako, usafiri ndio unaokula pesa haraka baada ya chumba. Deutschlandticket, tiketi ya mwezi ya usafiri wa umma wa Ujerumani nzima, ilianza Mei 2023 kwa euro 49 kwa mwezi, ikapanda hadi 58 Januari 2025, na tangu Januari 2026 ni 63. Nimeitumia ile ya muhula na ile ya kawaida, kwenda kazini na kuzurura wikendi, hata kuvuka mipaka. Kwa mizunguko ya mjini na safari ya saa tatu kwenda, sijaona cha kuishinda. Zaidi ya hapo bei bado ni ileile ila unailipia kwa muda, na muda wa wikendi ya mtu anayeripoti kazini Jumatatu asubuhi ni mfupi.

Inakubaliwa kwenye treni za mikoa zenye alama RE, RB na S, treni za chini ya ardhi, tramu na mabasi ya mji, nchi nzima, daraja la pili. Haikubaliwi kwenye treni za masafa marefu zenye alama ICE, IC na EC, treni za usiku, wala FlixTrain na mabasi ya FlixBus. Ina vizuri vyake vya pembeni ambavyo wengi hawavijui. Hamburg, kivuko cha mstari 62 kutoka Landungsbrücken hadi Finkenwerder kimo ndani ya tiketi, na unaiona bandari bila kulipia mashua ya watalii. Wuppertal, ile treni inayoning'inia juu ya mto tangu 1901 nayo imo.

Kabla hujanunua, angalia kama tayari unayo. Vyuo vingi vimeingia kwenye Deutschlandsemesterticket, ambayo ni asilimia 60 ya bei ya kawaida na hulipwa pamoja na ada ya muhula. Kwa bei ya 63 hiyo ni 37.80 kwa mwezi, au 226.80 kwa muhula wa miezi sita. Inafanya kazi popote Ujerumani, kwa hiyo mwanafunzi wa Leipzig aliye Praktikum Stuttgart hahitaji kununua nyingine. Si vyuo vyote vimo, na ukichukua likizo ya muhula kwa ajili ya Praktikum kila chuo kina utaratibu wake, kwa hiyo uliza ofisi ya wanafunzi kabla ya kulipa ada. Kama Praktikum yenyewe iko nje ya Ujerumani, tuseme hospitali ya Moshi au ofisi ya Nairobi, vyuo vingi vinaruhusu kuomba msamaha au kurudishiwa pesa ya tiketi. Ombi lina tarehe ya mwisho, na hakuna atakayekukumbusha.

Asiye na ya muhula amuulize mwajiri habari ya Jobticket, yaani tiketi hiihii ikichangiwa na mwajiri. Mwajiri akichangia angalau asilimia 25, bei hupunguzwa asilimia 5 nyingine, na wewe unabaki kulipa isiyozidi 44.10. Maswali haya yaulize kabla ya kusaini mkataba wa Praktikum, maana ukishaanza kazi hakuna mwenye haraka ya kukushughulikia.

Kununua kwenyewe ni kazi ya dakika chache ukiwa na akaunti ya benki ya Ulaya, kwa sababu wauzaji wengi hukata pesa moja kwa moja kwenye akaunti. Mgeni aliyefika juzi hukwama hapa: baadhi yao huangalia rekodi yako ya mikopo, na wewe huna rekodi yoyote, basi mfumo unakukataa bila maelezo. Jaribu muuzaji mwingine. Tiketi ni moja nchi nzima, na hakuna ubaya wa kuinunua kwa kampuni ya mabasi ya mji ambao hujawahi kuukanyaga. Angalia pia inaanza lini. Wengine huanzia tarehe mosi tu, na ukinunua tarehe 20 kwa muuzaji wa namna hiyo unaweza kulipia mwezi mzima kwa siku kumi. Wengine wanakuanzishia siku yoyote na kukutoza kwa siku zilizobaki.

Ikiwa kwenye simu, simu ikizima huna tiketi. Picha ya skrini haikubaliwi, mkaguzi anataka kuiona ndani ya programu yenyewe. Tiketi ina jina lako, kwa hiyo tembea na pasipoti au kitambulisho rasmi chenye picha. Faini ya kutokuwa na tiketi ni euro 60, ila ukithibitisha ndani ya wiki moja kwamba siku ile ulikuwa na tiketi halali ya jina lako, inashuka hadi 7. Penye uchaguzi mimi nachukua kadi ya plastiki, maana haijui habari za chaji.

Sasa wikendi. Kwenye DB Navigator, programu ya simu ya kampuni ya reli ya Deutsche Bahn, kuna sehemu ya kuchagua safari zinazokubali Deutschlandticket tu. Iwashe, la sivyo utapangiwa ICE katikati ya njia. Kisha nenda kwenye muda wa kubadili treni uweke angalau dakika 10, na 15 kama hiyo ndiyo treni ya mwisho ya usiku. Sababu ni hesabu tu: Deutsche Bahn huihesabu treni kuwa imefika kwa wakati ikiwa imechelewa chini ya dakika 6. Ukipewa dakika 5 za kubadili, unaweza kuikosa treni ya pili na kwenye takwimu kusiwe na aliyechelewa. Ndiyo maana sichagui safari kwa kilomita, nachagua kwa idadi ya mabadiliko. Saa tatu bila kushuka ni nafuu kuliko saa mbili zenye mabadiliko matatu.

Kuna jambo la treni zinazogawanyika, ambalo huwapoteza wageni wengi. Chukua zile za kutoka München kwenda milimani kusini, RB55, RB56 na RB57. Mara nyingi zinaondoka München zikiwa zimeungana kama treni moja ndefu. Zikifika Holzkirchen, sehemu ya kwenda Bayrischzell inakatwa. Mbele zaidi, Schaftlach, zinagawana tena: moja Lenggries, nyingine Tegernsee. Ukiwa umekaa sehemu isiyo yako utafika mlimani salama, ila mlima mwingine. Usiangalie bango la jukwaani peke yake. Soma maandishi yaliyo ubavuni mwa behewa unaloingia, na ukikuta si lako tembea jukwaani hadi la kwako kabla treni haijaondoka, kwani mara nyingi huwezi kupita kwa ndani kutoka sehemu moja hadi nyingine. Kituo kikuu cha München nacho kina mtego wake: majukwaa 5 hadi 10 na 27 hadi 36 yako pembeni, mbali na ukumbi mkuu. Tenga dakika 10 za kutembea.

Kuvuka mpaka ndiko tiketi hii inaponifurahisha zaidi, mradi ujue inaishia wapi. Kutoka München unafika Salzburg, Austria, kwa RE ya takriban saa mbili, na tiketi inakubaliwa hadi kituo kikuu cha Salzburg. Njia hiyohiyo wanapita EC na Railjet, ambazo ni za haraka zaidi na hazimo, kwa hiyo usiingie tu kwa sababu bango limeandikwa Salzburg. Kufstein, nayo ya Austria, imo pia. Kwa walio upande wa magharibi, Venlo na Enschede za Uholanzi zinafikika kwa treni za mikoa. Basel inakubaliwa hadi Basel Badischer Bahnhof tu, kituo cha reli ya Ujerumani kilicho ndani ya ardhi ya Uswisi. Ukitoka nje kupanda tramu, nunua tiketi ya Uswisi. Tena Uswisi haimo katika mpango wa Umoja wa Ulaya wa kutumia bando la nyumbani ukiwa nje, hivyo zima data kabla ya kuvuka kama kifurushi chako hakiitaji nchi hiyo. Kwa Strasbourg ya Ufaransa, shuka Kehl, upande wa Ujerumani, kisha vuka Rhine kwa miguu au nunua tiketi ya tramu ya mstari D.

Safari ya nje yenye faida kuliko zote kwangu ni Luxemburg kutokea Trier, chini ya saa moja kwa treni. Deutschlandticket inakufikisha mpakani, na kuanzia hapo usafiri wa umma wa Luxemburg ni bure kwa kila mtu tangu 2020, daraja la pili. Treni, tramu, basi, vyote. Huongezi hata senti ya nauli.

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda apange karatasi kabla ya kupanga njia. Visa ya kitaifa ya D au kadi ya ukaazi ya Ujerumani inakuruhusu kutembelea nchi nyingine za Schengen, Uswisi ikiwemo, hadi siku 90 katika kila siku 180. Beba pasipoti pamoja na kadi, si kimojawapo. Ujerumani ilirudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu Septemba 2024, na njia ya Salzburg ilikuwa na ukaguzi tangu miaka ya nyuma: wakati wa kurudi treni husimama Freilassing, polisi wanapita behewa kwa behewa. Muda wa kubadili treni uliouhesabu kwa dakika hufia hapo, kwa hiyo jioni ya Jumapili acha nafasi ya treni moja zaidi. Kama kadi haijatoka na una ile karatasi ya muda iitwayo Fiktionsbescheinigung, soma kisanduku kilichotiwa alama. Ya kifungu cha 81 aya ya 3 cha sheria ya ukaazi haikupi haki ya kurudi Ujerumani ukishatoka. Wenye hiyo watembee ndani ya nchi tu, na wenye ya aina nyingine pia wajiridhishe na ofisi ya wageni kwanza.

Kinachoharibu wikendi mara nyingi ni ukarabati wa reli, ambao hupangwa wikendi makusudi kwa kuwa wafanyakazi hawasafiri. Unaona neno SEV, maana yake utapanda basi badala ya treni. Basi hilo huchukua muda mrefu zaidi, kwa kawaida halibebi baiskeli, na kituo chake huwa upande wa pili wa jengo au barabara ya nyuma. Angalia safari unapoipanga, kisha iangalie tena Alhamisi usiku.

Ukichelewa dakika 60 au zaidi, fidia ni euro 1.50, na kiasi kisichofika euro 4 hakilipwi. Hivyo zikusanye kuanzia tatu na uzitume pamoja ndani ya miezi mitatu. Kwa mwezi fidia haivuki robo ya bei ya tiketi. Mimi naona haifidii kitu, lakini fomu inajazwa kwa simu. Lililo zito zaidi ni hili: mwenye tiketi ya mikoa ya bei ya kawaida, akichelewa dakika 20, anaweza kupanda ICE na kudai pesa baadaye. Kwa Deutschlandticket haki hiyo haipo. Ukisikia mtu anakuambia panda tu ICE kwa kuwa treni yako imefutwa, mwulize mkaguzi kwanza ukiwa bado jukwaani.

Kuichanganya na ICE inawezekana, ila ujue ni mikataba miwili. Treni ya kijijini ikikuchelewesha ukakosa ICE uliyoinunulia tiketi nafuu inayokufunga kwenye treni hiyo moja tu, hasara inaweza kuwa yako. Dawa ni kununua tiketi ya ICE kuanzia kituo cha nyumbani hadi mwisho, ingawa kipande cha kwanza ungekisafiri bure. Mara nyingi tofauti ni ndogo. Berlin hadi München, kwa mfano, ni saa nne hivi kwa ICE, na kwa treni za mikoa siku yako yote imekwisha. Hapo nanunua tiketi nafuu wiki kadhaa kabla, na Deutschlandticket inabaki ya kuzungukia München.

Kwa kikundi hesabu inabadilika. Mkiwa watu watano na hakuna mwenye tiketi ya mwezi, Bayern-Ticket, tiketi ya kikundi ya siku moja ya jimbo la Bayern, inagawanyika vizuri, nayo inafika Salzburg. Siku za kazi inaanza saa 3 asubuhi, Jumamosi na Jumapili tangu usiku wa manane. Mwenye Deutschlandticket msimhesabu, halipii kitu.

Ijumaa kuanzia saa 9 alasiri treni za RE kutoka miji mikubwa hujaa hadi mlangoni, na huwezi kuhifadhi kiti. Ukitoka Jumamosi saa 12 asubuhi unakaa. Baiskeli ina tiketi yake. Jumapili maduka yamefungwa isipokuwa ya vituo vikubwa, hivyo beba chakula cha kurudia, hasa ukienda vijijini. S-Bahn (zile treni za alama S) nyingi hazina choo, na choo cha kituo kikubwa hutaka sarafu.

Mkataba hauishi wenyewe. Praktikum ikiisha mwisho wa Agosti, sitisha kufikia tarehe 10 Agosti, ukichelewa hadi tarehe 11 unalipia Septemba nzima. Sitisha kwa muuzaji yuleyule aliyekuuzia, kufuta programu kwenye simu hakusitishi chochote. Na kama unarudi nyumbani kabisa, usifunge akaunti ya benki hadi makato ya mwisho yapite, kwa sababu makato yakigonga akaunti iliyofungwa, deni pamoja na gharama zake litatumwa kwa barua kwenye anwani uliyokwisha kuhama.