Toni moja ya maneno: mikono ya nyuma ya trakta yangu ya zamani

Hasira hii ninayo tangu mvua za kwanza, na mke wangu ameshachoka kuisikia. Sasa ni zamu yenu.

Nilinunua Massey Ferguson 35, ile ndogo ya silinda tatu, kwa muuzaji mmoja wa mashine kuukuu mwenye uwanja barabara ya Kipushi, Lubumbashi. Jina simtaji. Namba za kiwandani mtazitafuta wenyewe, mimi nilikuwa na swali moja tu: mikono ya nyuma inanyanyua mzigo gani? Shamba langu la mahindi liko mahali ambapo mvua ikishika lori halifiki. Nilitaka nifunge jukwaa la mbao kwenye zile pointi tatu za nyuma zinazofungiwa jembe, nipange mifuko ya mbolea, nijiendee zangu.

“Papa, toni moja. Toni nzima!” Hakusita hata kidogo. Akaita vijana wawili wa pale uwanjani, wakasimama juu ya mikono, mmoja huku mmoja kule, akavuta liva. Wakapaa wanacheka. Na mimi nikacheka! Mtu mzima, hesabu nimesoma, naona vijana wawili ambao pamoja na viatu vyao labda ni kilo 130, halafu kichwani mwangu naona toni. Ilikuwa asubuhi mapema, injini ndiyo kwanza inawashwa, mafuta bado baridi. Hilo la baridi lishikeni, nitalirudia.

Siku ya kwanza ya kazi tulipakia mifuko minane ya kilo 50. Yaani kilo 400, hata nusu ya toni yake haikufika. Mikono ikatetemeka, ikapanda mpaka usawa wa magoti, ikagoma. Tukapunguza miwili, ikakubali. Kwenye kile kilima kidogo kabla ya shamba usukani ukawa mwepesi ghafla kama wa baiskeli: magurudumu ya mbele yalikuwa hewani. Si juu sana, kiasi cha kiganja, lakini aliyekuwa amekaa juu ya kiti ni mimi, si muuzaji. Tukavuka. Mbele kidogo nikasikia mbao zinakwaruza. Kugeuka, jukwaa liko chini, limechora mstari njia nzima, linalima bila kutumwa. Nikavuta liva, likajikongoja juu kidogo. Nikazima injini niangalie vizuri, nalo likaanza kushuka taratibu, kama mzee anayetafuta kiti cha chini.

Nilirudi kwake siku hiyohiyo, matope mpaka kiunoni. Nikamkuta kivulini anakula bukari, yaani ugali. Jamani, mimi nimekulia Lubumbashi. Hata mtu unayemdai, akikukuta mezani unamwambia karibu, naye anajibu asante nimeshiba, yanaisha. Huyu hakusema karibu. Kichwa hakuinua. Alifinyanga tonge lake, akachovya, akatafuna mpaka akamaliza, ndipo akasema: “Papa, uliuziwa trakta. Hukuuziwa kreni.” Wale vijana wawili wakacheka kicheko kilekile cha asubuhi ile.

Toni moja niliianza mimi? Nani alitaja toni?

Kilichoniokoa ni muzee mmoja fundi wa Katuba, mtaa wa hukohuko Lubumbashi. Hakuuliza namba yoyote. Alifungua kifuniko cha ubavuni, akatumbukiza vidole, akanionyesha: mafuta meupe kama chai ya maziwa. Maji yalikuwa yameingia. Kwenye mashine hii mafuta ya gia na ya kunyanyulia ni bwawa moja, na pompa, yenye pistoni nne ndogo, inakaa humohumo tumboni. Kichujio chake kilikuwa kimeziba kwa tope. Pete za pistoni ya kunyanyulia nazo zilikuwa zimekwisha. Mafuta yakiwa baridi ni mazito, yanaficha ubovu. Yakipata moto yanakuwa mepesi, yanapenya pembeni, mzigo unashuka. Nilionyeshwa mashine asubuhi kwa sababu hiyo, hilo hamtanitoa kichwani.

Ila muzee alinichapa na mimi. Jukwaa langu lilikuwa refu mno. Kilo 400 zikikaa penye ncha za mikono ni jambo moja, ukizisogeza hatua moja nyuma ni jambo lingine kabisa. Ndiyo maana hata wanaopima trakta rasmi hupima pia sentimita 61 nyuma ya ncha, na namba inashuka. Aina hii ya 35 ilitoka Uingereza 1956 ikiwa bado Ferguson ya kijivu, kabla ya kuvikwa nyekundu, na kazi aliyoifikiria Harry Ferguson, aliyebuni mfumo huu wa mikono, ilikuwa jembe: udongo ukivuta jembe, uzito unakandamiza magurudumu ya nyuma yasiteleze. Kwa kifupi, si kreni. Inaniuma kuandika hivyo. Yule mla bukari alisema kweli, isipokuwa aliisema baada ya kuhesabu pesa.

Watu watatu walinyanyua mfuniko wa juu, pete zikabadilishwa, mafuta mapya, jukwaa likakatwa. Mifuko minane ikapanda, injini ikiwa moto. Tukazima, tukakaa tukala, ikabaki palepale. Kusema haki naipenda trakta hii, na nikiulizwa, nanunua tena ileile. Kwa mtu yuleyule? Hapana. Basi labda, kama ni mchana, injini imechemka, mifuko yangu mwenyewe iko juu na anayezima injini ni mimi. Hapana, hata hivyo hapana.

Juzi nilipita mbele ya uwanja wake na mifuko minane nyuma, polepole makusudi. Wale vijana wakanipungia mkono. Yeye alikuwa anakula.

Lile neno “karibu” sikulisikia.