Miezi mitano na pembetatu ya kupandia: haikumzuia kupanda, ilimfundisha kushuka

Nilinunua pembetatu hii, ngazi ya mbao ya mtoto kupandia ndani ya nyumba, kwa sababu ya kabati, kwa hiyo nianze na kabati.

Binti yangu alikuwa na miezi 14. Mimi naanika nguo, yeye anacheza chumbani, mara nikagundua kuwa kwa muda sijamsikia. Mwenye mtoto wa umri huo anaujua ukimya wa namna hiyo. Nilipoingia nilimkuta amevuta droo tatu za chini na kuzigeuza ngazi. Amesimama wima ndani ya ile ya pili, mikono yote miwili imeng'ang'ania mpini wa droo ya juu. Miguu ya nyuma ya kabati ilikuwa imeshanyanyuka sakafuni. Nililizuia kwa paja, nikamnyakua kwa mkono mmoja. Yeye alikuwa anacheka. Mimi nilikaa chini nimemkumbatia, natetemeka, hadi baba yake aliporudi.

Kabati haliangushwi na nguvu za mtoto. Droo zikivutwa, uzito unahamia mbele. Mtoto wa kilo kumi akikanyaga ukingo wa droo, mbali kabisa na ukuta, uzito wake unafanya kazi kama wa mtu anayebonyeza ncha ya mtaimbo. Marekani walitunga sheria juu ya jambo hili mwishoni mwa 2022, na makabati ya nguo yenye kimo cha inchi 27 (karibu sentimita 69) au zaidi yaliyotengenezwa baada ya 1 Septemba 2023 lazima yapimwe yasipinduke mtoto akiyapanda. Letu lilitengenezwa zamani, na halina hata tundu la kufungia.

Siku ile ile tulilifunga ukutani kwa mikanda miwili. Hapa nawaomba wazazi wenzangu msome kwa makini, kwa sababu mara ya kwanza tulikosea. Tulipiga skrubu kwenye ule ubao mwembamba wa mgongoni, nilipolivuta kabati kujaribu, skrubu zikang'oka zote na vipande vya ubao. Mkanda unashikizwa kwenye fremu nene ya kabati. Upande wa pili unashikizwa kwenye ukuta wenyewe, yaani zege, tofali au nguzo ya mbao iliyomo ndani ya ukuta, si kwenye lipu peke yake. Ukimaliza, vuta droo zote kisha livute kabati kwa nguvu zako zote. Likicheza, hujamaliza.

Kabati lilitulia, mtoto hakutulia. Alihamia kwenye kochi, kutoka kochi akahamia kwenye mkono wa kochi, kutoka hapo akawa anakaribia rafu ya vitabu. Nilikuwa nashinda siku nzima nikipiga kelele: "Shuka! Shuka!" Halafu nikajiuliza, anashukaje? Hajui. Alikuwa anapanda vizuri ajabu, lakini akifika juu anasimama, ananinyoshea mikono nimbebe. Nisipokuwapo, anaruka mbele kwa kichwa. Ndipo tukaamua kununua kitu cha kupandia ambacho ni halali yake.

Kinaitwa pembetatu ya Pikler, kwa jina la Emmi Pikler, daktari wa watoto aliyezaliwa Vienna 1902, ambaye mwaka 1946 alifungua nyumba ya kulelea watoto Budapest. Ni ngazi mbili za mbao zilizoegemezana kwa juu. Yetu ina kimo cha sentimita 80 hivi, inakunjwa, na ilikuja na ubao ambao upande mmoja ni wa kuteleza na mwingine una vijiti vya kukanyagia.

Siku ya kwanza niliharibu. Kwa furaha yangu nilimbeba nikamweka kileleni. Aliganda, vidole vikawa vyeupe kwa kushikilia, akaanza kulia. Baadaye nikasoma kwamba hilo hasa ndilo Pikler alilokataza: usimweke mtoto mahali ambapo hawezi kufika mwenyewe, maana ambaye hakupanda mwenyewe hajui amefikaje wala atarudije. Nikaiacha katikati ya zulia, nikanyamaza. Siku tatu hakuipanda. Aliitikisa, akapita chini yake, akatundika kitambaa. Siku ya nne akakanyaga kijiti cha kwanza, akashuka. Akakanyaga tena, akashuka. Nilihesabu mara kumi na mbili, kisha nikaacha kuhesabu.

Kushuka ndiko kulikochukua muda, na ndiyo sababu kubwa ya mimi kukipenda kifaa hiki. Karibu wiki mbili alikuwa akifika kijiti cha tatu anakwama. Nilipiga magoti nyuma yake, mikono nimeitanua bila kumgusa, nikawa namwambia maneno mawili tu, yale yale kila siku: "Miguu kwanza." Bado namwona: mdomo wazi kidogo, udenda unamtiririka kidevuni, mguu wa kushoto unaelea hewani ukitafuta kijiti asichokiona. Unapapasa, unakosa, unapapasa tena. Kidole gumba kikagusa mbao. Vidole vyote vikajikunja kukishika kile kijiti kama mkono, ndipo akauachia uzito wake taratibu. Alipofika chini hakunitazama. Akapanda tena.

Tangu hapo maneno hayo yanafanya kazi popote. Akiwa kwenye kochi namwambia "miguu kwanza", anageuka, analala tumbo, anajitelezesha. Siku alipopanda meza ya kulia chakula, sikupiga ukelele wa kumshtua. Nilimkaribia, nikasema yale maneno mawili, akashuka mwenyewe hadi kwenye kiti na kutoka kwenye kiti hadi chini. Ndiyo, alipanda meza, na pembetatu iko pale pale sebuleni. Ukiinunua ukidhani mtoto ataacha kupanda vingine, utajuta. CDC, taasisi ya afya ya umma ya serikali ya Marekani, inataja kupanda na kushuka kwenye kochi au kiti bila msaada kuwa ni jambo linalotarajiwa kwa mtoto wa miezi 18. Huu si utundu wa kuponywa, ni mwili unaojifunza kazi yake.

Kasoro zipo. Karatasi ya maelekezo ilikuwa na picha nne zisizoeleweka, na kuifunga kulituchukua jioni nzima. Kijiti kimoja kilikuwa na vibanzi, nikakipiga msasa mwenyewe. Nati zinalegea: baada ya wiki tatu nilisikia mlio wa mbao kusuguana, kukagua nikakuta mbili zinazunguka kwa kidole. Sasa spana inakaa jikoni na nakaza kila wiki. Kiungo cha kukunjia kinaweza kubana vidole vya mtoto, kwa hiyo tunaikunja akiwa amelala. Kwenye sakafu ya marumaru iliteleza, ikabidi tuiweke juu ya mkeka wa mpira. Tena inakula nafasi. Hata ikikunjwa inataka ukuta wa kuegemea.

Usiiweke karibu na dirisha wala kochi, maana itakuwa daraja. Mvue mtoto nguo zenye kamba shingoni kabla hajapanda. Nasi tuna sheria moja ambayo hata bibi yake, aliyeipinga pembetatu hii tangu siku ya kwanza, anaifuata: mtu mzima hayupo, pembetatu imekunjwa. Bibi bado anamshika kiuno kila akipanda, na mimi sijamzuia. Ni hofu ya mapenzi.

Kama fedha zako zinatosha kitu kimoja tu, nunua mikanda ya kabati. Pembetatu itasubiri. Mito ya kochi iliyopangwa sakafuni nayo inamfundisha mtoto kushuka, ingawa si kwa raha hii.

Mwezi uliopita, akiwa na miezi 19, alianza kutupa mguu juu ya kingo za kitanda chake. Godoro tulikuwa tumeshalishusha hadi chini kabisa. Madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri mtoto atolewe kwenye kitanda cha kingo akifikia kimo cha inchi 35, karibu sentimita 89. Wetu alikuwa hajafika, lakini mguu ulikuwa umeshavuka, hatukungoja. Usiku wa mwisho kabla ya kuliweka godoro sakafuni, nilisikia mbao zikilia nikakimbia. Nilimkuta nusu yuko nje, tumbo limelala juu ya kingo, mguu unaelea gizani ukipapasa sakafu. Na kwa sauti ndogo, peke yake, alikuwa anajiambia: "Miguu. Miguu."