Nilimpeleka mdogo wangu kwenye upimaji wa bure wa wanamichezo wenye ulemavu wa akili (nyota 4 kati ya 5, hiyo moja nimeikata kwa hasira)

Niseme mapema mi si daktari, mi ni dada mtu tu. Mdogo wangu ana miaka 22, ana Down syndrome (hali ya kuzaliwa nayo inayoathiri akili na mwili), anacheza mpira kwenye timu ya mchanganyiko, wale wenye ulemavu wa akili na wasio nao wanapangwa kikosi kimoja, na mita 100 anakimbia vizuri sana siku akiamua, maana kuna siku anafika katikati anasimama kupungia watu mkono. Nyumbani sifa yake kubwa ni ukaidi. Unamwita mara nne haitiki, TV anaifungulia mpaka jirani anagonga ukuta, mama akawa ameshazoea kusema huyu kichwa ngumu kama babu yake.

Sasa kocha akasema kuna siku ya kupima afya kwa mtindo wa Healthy Athletes. Kwa wasioijua, huo ni mpango wa Special Olympics, ile michezo ya wenye ulemavu wa akili aliyoianzisha Eunice Kennedy Shriver, mashindano ya kwanza yakafanyika Chicago mwaka 1968. Usichanganye na Paralimpiki, hayo ni mambo mawili tofauti. Upimaji wenyewe ulianza rasmi 1997, na mpaka leo wameshafanya vipimo zaidi ya milioni 2 duniani, macho, meno, masikio, miguu, viungo, lishe na vingine. Walioandaa siku yetu sitawataja maana nina la kuwasema.

Nianze na mazuri. Kwanza kabisa walimsalimia yeye. Najua unaona ni kitu kidogo ila kama una ndugu wa hivi unanielewa, miaka yote tukienda hospitali salamu napewa mimi, maswali naulizwa mimi, yeye amekaa pale kama mzigo niliokuja nao. Pale kijana wa macho kasimama, "Kaka mambo, karibu ukae hapa," halafu kanyamaza anamsubiri. Mdogo wangu kujibu inamchukua muda, anatafuta neno, mi mdomo ulishafunguka nimjibie kama kawaida yangu, yule kijana kanionyesha kiganja taratibu, kwamba subiri dada. Nikafunga bakuli langu.

Macho hawapimi kwa herufi kama hujui kusoma. Wana picha nne tu, tufaha, nyumba, duara na mraba, zinazidi kuwa ndogo kila mstari, na unapewa kadi mkononi unaonyesha ulichokiona, hata usipoongea kipimo kinaenda. Tufaha yeye kaliita nyanya. Kijana kasema sawa, nyanya, tuendelee, wakaenda na nyanya mpaka mwisho. Jicho la kushoto nyanya zilianza kupotea mapema sana, mtu mzima wa miaka 22 hatujawahi kujua jicho moja halioni vizuri jamani, na tulikuwa tunamcheka akikosa mpira unaotokea upande huo.

Meza ya miguu ndo niliona aibu. Wakamvua viatu, wakamsimamisha kwenye kile kipimo cha chuma, mguu namba 40. Raba alizovaa 42, nilimnunulia mimi mtumbani Karume, na nilichukua kubwa makusudi kwa sababu mguu wake ni mpana, nikaona bora aingie. Wakanieleza wenye Down syndrome wengi nyayo zao ni bapa na pana, kwa hiyo familia zinakimbilia namba kubwa, mguu unateleza mbele na nyuma, anaanguka, watu wanasema hana balansi. Dawa ni kiatu kipana cha namba yake, sio kirefu. Vidole viwili vilikuwa na sugu ngumu kama punje ya mahindi na hajawahi kusema vinauma.

Wa mazoezi ya viungo alimsimamisha kwa mguu mmoja, akamkalisha na kumwinua kitini huku anahesabu muda, halafu akaja kwenye shingo. Hapa wazazi msome taratibu. Baadhi ya wenye Down syndrome ile mifupa miwili ya juu kabisa ya shingo haijakazana vizuri, inaweza kubana uti wa mgongo. Kwa hiyo ukiona mtu wako mwendo umebadilika ghafla, mikono inakufa ganzi au inakosa nguvu, au kaanza kushindwa kuzuia mkojo wakati zamani aliweza, usisubiri, simamisha michezo umpeleke kwa daktari. Mimi nimemlea mtu huyu tangu anatambaa na hamna mtu aliwahi kuniambia hiyo habari, na alikuwa anapiga vichwa na sarakasi za kitandani kila siku.

Masikio sasa. Kuna kamashine kanapachika kidude laini sikioni, kanatoa mlio na kusikiliza sikio lenyewe linavyorudisha sauti, huhitaji kujibu wala kunyoosha mkono, yaani kwa watu wetu ni mkombozi. Ila (na hapa ndo nyota inaanza kudondoka) meza ya masikio wameiweka jirani na spika za muziki!! Dada wa watu kajaribu mara tatu, Singeli inapiga, mashine inagoma, mwisho tukahamia nyuma ya gari la mtu tukapimia huko. Kachungulia kwa kitochi, "Kaka, humu pamejaa." Nta imeganda pande zote mbili, maana matundu ya masikio yao huwa membamba, haitoki yenyewe. Ukaidi wote ule kumbe nta.

Mengine mabaya: walichelewa kuanza saa mbili nzima, kivuli hamna, na miwani tuliambiwa tutapigiwa simu, nasubiri mpaka leo.

Ila kilichoniuma zaidi ni baada ya pale. Unapewa karatasi ya rufaa, haya nenda. Nikaenda hospitali moja hapa mjini, daktari hajainua kichwa, "Mtoto anasumbuliwa na nini?" Mtoto ana ndevu. Karatasi kaitazama kidogo, sikio hajalichungulia, kaandika antibayotiki tukaambiwa twende dirishani. Nikatoka nayo hivyohivyo sikununua. Ya pili ndo wakatupa matone ya kulainisha, tukarudi baada ya siku tano wakaosha kwa maji ya uvuguvugu, kilichotoka sikielezei mko mnakula. Ndo maana nasema waandaaji wakitoa rufaa wampigie kabisa simu daktari wa upande wa pili, au watupe jina la mtu aliyefundishwa kukaa na watu hawa, maana ukishagundua ugonjwa ukatuacha barabarani na karatasi wengi wataiweka chini ya godoro yaishe.

Nenda ukisikia upo karibu na wewe, ni bure. Mvalishe viatu vyake vya kila siku, usimvalishe vipya vya kuonea watu. Karatasi zipige picha. Na wewe mwenyewe jifunze kunyamaza, mi bado najifunza.

Juzi jioni niko naangalia taarifa ya habari, kaja kachukua rimoti, kashusha sauti. "Dada, unapiga kelele." Raba za 42 kampa binamu yetu bila kuniuliza.