NetworkManager kwenye Debian 12: msimamizi mzuri wa mtandao anayezikwaza skripti za zamani

Katika kazi yake kuu, NetworkManager, programu inayosimamia mtandao kwenye mifumo ya Linux kama Debian, inastahili sifa. Laptopu huhama kutoka kwenye waya kwenda Wi-Fi, na kutoka Wi-Fi kwenda modemu ya simu, bila mtumiaji kugusa faili lolote, na amri yake ya nmcli, inayoiendesha kwa maandishi, inafaa hata kwenye seva isiyo na skrini. Lalamiko langu ni moja: namna inavyozipokea skripti (faili za amri) zilizoandikwa kwa ajili ya ifupdown, zana ya zamani ya Debian ya kuwasha na kuzima mtandao.

Chini ya ifupdown, kazi uliyotaka ifanyike mara mtandao unapowaka uliiwekea skripti katika /etc/network/if-up.d, basi. Debian haikuzitupa skripti hizo. Ndani ya /etc/NetworkManager/dispatcher.d imeweka faili liitwalo 01-ifupdown, ambalo huziita kwa niaba ya NetworkManager. Hata hivyo, kigeu ADDRFAM, ambacho ifupdown hukijaza neno inet (IPv4) au inet6 (IPv6), hapa hujazwa neno NetworkManager. Skripti yangu ya kuunganisha hifadhi ya NFS, yaani mafaili yaliyo kwenye seva nyingine ya mtandao, ilianza hivi:

[ "$ADDRFAM" = inet ] || exit 0

Iliitwa, ikalinganisha, ikakuta neno si inet, ikatoka na sifuri kana kwamba imemaliza kazi, na kwenye kumbukumbu za mfumo hapakuwa na kosa hata moja. Jioni nzima niliikagua seva ya NFS ambayo haikuwa na kasoro yoyote. Kosa linaloonekana hurekebishwa kwa dakika chache, lakini hili la kimya linachosha mno, na kwa maoni yangu faili hilo la 01-ifupdown lingepaswa kuacha walau mstari mmoja wa onyo.

Dawa niliyoipata ni kuihamishia skripti moja kwa moja kwenye dispatcher.d, ambako hupokea jina la kadi ya mtandao kama hoja ya kwanza na tukio, kwa mfano up au down, kama hoja ya pili. Faili lenyewe lazima limilikiwe na root (msimamizi mkuu wa mfumo), liruhusiwe kutekelezwa, na asiwepo mwingine mwenye ruhusa ya kuliandika, vinginevyo halitaendeshwa.

Kwa laptopu naipendekeza kwa moyo wote. Kwa seva yenye anwani isiyobadilika na skripti nyingi za miaka iliyopita, bado naiacha kadi yake ndani ya faili la mipangilio la ifupdown, /etc/network/interfaces, ambako NetworkManager ya Debian, kwa mpangilio wake wa kawaida, haiigusi.